Mikaratusi Iliyojiotea Bondeni

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku tu wazima. Baba hajambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi ndiyo yenye amri ya mwisho nyumbani: yakikubali, anashuka ngazi kwenda kununua gazeti, yakikataa, anakaa dirishani na kuwakosoa wanaoegesha magari vibaya. Anakusalimu sana. Kila nikishika kalamu ananikumbusha nikuulize kama bado unavuta ile tumbaku inayokukoholesha.

Mimi nimehamishwa idara. Sasa nipo kwenye chumba cha mimea mikavu, ghorofa ya chini, makabati ya chuma kutoka ukuta huu hadi ule, na ndani yake majani yaliyobanwa kwenye karatasi, mengine yamenizidi umri. Wewe uliyenibandika jina la Mkaguzi nikiwa na miaka sita, kwa sababu sikuweza kuona kitu kimefungwa nisikifungue, ungecheka sana. Tabia ileile uliyokuwa ukinifokea sasa ndiyo ajira yangu.

Ninalokuandikia ni hili. Ofisi inatengeneza orodha ya miti ya kigeni iliyotoroka mashambani ikaanza kujiotea yenyewe porini. Bonde lenu limo. Mtu aliyepita huko mwaka juzi aliandika "mkaratusi", akaweka alama ya kuuliza, akaenda zake. Mikaratusi ina aina mamia, mjomba, na orodha haitaki alama za kuuliza. Nimeomba bonde hilo nipewe mimi, na unajua kwa nini.

Tangu nikiwa na miaka kumi nimesikia kwamba mikaratusi ile ni kosa la baba. Kwamba yeye, mwotesha miche kwenye kitalu ambacho wewe ulikuwa bwana miti wake, aliambiwa achote mbegu za mkaratusi wa nguzo, akachota kwenye mkebe uliokaa pembeni yake rafuni, wa mkaratusi wa kuni. Miche ikapandwa mlimani, ikakua imepinda, haikufaa hata nguzo moja. Kisha ikamwaga mbegu mpaka kijitoni, ikajiotea, na maji yakapungua. Baba akafukuzwa kazi. Miaka ishirini na miwili sasa hajaotesha hata kitunguu. Mtu ambaye mama alikuwa akisema angeweza kuotesha ufagio, amelinda ghala la mabati mpaka amestaafu.

Lakini hakuna aliyewahi kuitazama miti yenyewe sawasawa. Waliona imepinda, wakaona mikebe ni miwili, wakafunga kesi. Nataka mimi niitazame. Nikijua ni mti gani hasa, huenda nikamwondolea baba mzigo huo, au walau nikajua kwamba ni wake kweli.

Kwa hiyo nitumie tawi lenye majani makubwa, majani ya chipukizi, matumba ya maua na vitunda vikavu, vyote kutoka mti mmoja. Vibane katikati ya magazeti na kuyabadilisha kila siku mpaka vikauke. Ningekupigia simu, ila simu na sikio lako la kushoto hawajawahi kupatana.

Mpwa wako,
Mkaguzi


Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu, Mkaguzi Mkuu,

Marahaba, marahaba. Mwambie shemeji kwamba tumbaku nimeiacha mara nne mwaka huu na huu mwezi wa pili tu. Nyumba ingali imesimama. Paa la jikoni linavuja mahali palepale, na nimeamua kuweka ndoo na kuita jambo limekwisha. Kile kitalu cha zamani kimebaki kuta na mabomba yenye kutu. Asubuhi napita pale nikielekea dukani, naangalia upande mwingine.

Nimefurahi umepanda cheo, hata kama umepandishwa kwenda ghorofa ya chini. Wewe na makabati mliumbiwa pamoja.

Sasa hayo ya mikaratusi. Mama yangu wee, miaka ishirini na miwili! Mkaratusi ni mkaratusi, mwanangu. Unanuka dawa ya mafua, unakunywa maji kama ng'ombe, ukiukata unachipua. Sisi wa zamani tuliishia hapo. Kama orodha inataka jina, andika wa kuni, kama ilivyosemwa kwenye kikao kilichomfukuza shemeji, na wakubwa wako watalala usingizi.

Hata hivyo mimi si mtu wa kumnyima mpwa wangu jani. Nimekutumia tawi lenye majani, nimelibana kama ulivyoagiza. Matumba sikuyapata, nadhani si msimu wake, na vitunda vipo juu mno kwa mzee mwenye kiuno kama changu. Kuteremka bondeni naweza. Kupanda tena ndiko kunakonipa mashaka.

Na shemeji usimchokonoe sana kwa habari hizi. Amekwisha kutulia. Mwache apigane na wenye magari.

Mjomba wako,
Bwana Miti, mstaafu


Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Majani yamefika salama, umeyabana vizuri kuliko vijana wetu hapa kazini. Baba ana mafua ila anabisha, anasema ni vumbi.

Weka utani wako pembeni unisikilize. Majani hayatoshi. Jani la mkaratusi wa nguzo likiwa bichi lina kijani kilichokoza juu na kilichofifia chini, lakini likikauka pande zote mbili zinafanana, na aina nyingine kumi nazo hufanana hivyo hivyo. Mtu anayetaja jina la mkaratusi kwa jani kavu peke yake anabahatisha. Kinachosema kweli ni kitunda: umbo lake, na vile vimeno vidogo vya mdomoni vinapofunguka kumwaga mbegu, kama vimeingia ndani au vimechomoza nje. Na tumba la ua, kile kifuniko chake, kama ni butu au kina ncha. Kiokote hata chini. Chini ya mti wowote wa mkaratusi vimejaa tele.

Unasema nisimchokonoe. Acha nikueleze jambo la wiki iliyopita. Jirani yetu wa chini aliniletea miche mitatu ya nyanya ndani ya kopo, nikaiweka barazani. Nilitakiwa kusafiri siku mbili, nikamwomba baba aimwagilie. Akaniambia nimpe jirani mwingine. Nikadhani ni magoti, nikamwambia ni hatua tano tu kutoka kitini. Akasema, "Mimi mimea nakosea." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia hajui kuogelea. Mjomba, nilikwenda jikoni nikalia, sitakuficha.

Hajatulia. Amenyamaza tu.

Mkaguzi wako


Tarehe 20 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Nimekaa kimya muda mrefu na huna budi kunigombeza. Nilikuwa na homa, kisha ndoo ya jikoni ikajaa siku nikiwa kitandani na nyumba ikawa bwawa, kisha nikawa sina sababu tena lakini kalamu ilikuwa nzito. Sasa sijambo.

Nimeisoma ile habari ya nyanya. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Juzi nilikwenda kupalilia kaburi la dada yangu. Nimelizungushia mawe upya, yale ya mwanzo yalikuwa yamezama. Nikakaa pale kidogo. Unakumbuka siku ile hospitalini, ulipotoka kwenda kumchukulia maji, tulibaki wawili. Alinishika mkono akaniambia nimwangalie shemeji, kwa sababu yeye akikosewa hasemi. Nikamwitikia. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Uzee unalegeza mdomo.

Vitunda nimekutumia, kama ulivyotaka, na matumba machache. Nimevitoa kwenye mti uleule wa majani. Natumaini sasa orodha yako itashiba, na wewe utapata nafasi ya mambo mengine ya maana, kwa mfano kuolewa, ambako nako huna budi kukagua.

Mjomba wako


Tarehe 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa homa na bwawa. Kaburi la mama umefanya vizuri, baba amefurahi. Alisema, "Shemeji hakunitupa hata siku moja." Ndivyo alivyosema.

Vitunda vimefika. Nimeviweka chini ya kioo cha kukuzia kutwa nzima, nikamwita na mwenzangu wa meza ya pili ili nisije nikajidanganya. Ni vya mkaratusi wa nguzo, safi kabisa: vimechongoka chini kama pera dogo, vimeno vimejikunja kuelekea ndani. Kwa dakika kumi nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilisema basi, baba hakukosea kitu, alipanda alichoambiwa.

Kisha nikarudi kwenye kifurushi. Vikonyo vya matunda yale ni bapa. Lakini kwenye tawi ulilonitumia Februari, chini ya jani moja, kuna kikonyo kimoja kilichobaki baada ya matumba kudondoka. Kile ni chembamba na cha mviringo, kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Mti mmoja hauzai vikonyo vya namna mbili. Tawi na vitunda havikutoka mahali pamoja.

Nakumbuka kwamba mikaratusi ya nguzo ipo kule kwenu. Ipo mstari mmoja kando ya uzio wa shule, nyuma ya nyumba yako, na matunda yake yanaangukia uani. Huna haja ya kuteremka bondeni kuyaokota.

Labda macho yako yamechoka. Labda uliona huruma, ukataka nipate jibu nililolitamani. Sitaki kuwaza zaidi ya hapo. Lakini mwenzangu wa meza ya pili atafika bondeni mwezi wa nane, na begi lake na ngazi yake, na atachuma mwenyewe. Ningependa sana kupata kwako kabla ya kupata kwake.

Mpwa wako


Tarehe 18 Julai

Mjomba,

Kifurushi chako kilifika jana. Niliukung'uta mfuko, nikayafunua magazeti moja moja, nikatafuta hata kikaratasi. Hujawahi kunitumia kitu bila salamu. Hata ile miaka ya shule ulinitumia viatu ukaandika salamu ndani ya soli.

Umetuma kila kitu. Tawi, chipukizi, matumba, vitunda, na kipande cha gome nisichokuomba. Vyote ni vya mti mmoja, nimehakikisha. Vitunda ni vidogo, vya duara, na vimeno vinne vimechomoza nje kabisa. Kifuniko cha tumba kina ncha kama mdomo wa ndege. Kikonyo ni kilekile chembamba. Niliweka pembeni ya karatasi za kabatini, aina kwa aina, mpaka saa za kazi zikaisha na mlinzi akaja kunizimia taa.

Si mkaratusi wa nguzo. Na si wa kuni, mjomba. Ni wa mto. Ule ambao kila kitabu kinasema usiupande mahali penye kijito, kwa sababu ukiyaona maji tu unayafuata.

Kwa hiyo haukutoka kwenye mkebe hata mmoja kati ya ile miwili ya rafuni.

Sikumwonyesha baba. Jioni, tukinywa chai, nilimwuliza tu, kana kwamba ni habari za kazini, kama kitaluni kwenu mliwahi kuwa na mbegu za mkaratusi wa mto. Akasema zilikuwepo, bahasha moja, za majaribio. Akasema yeye hajawahi kuzigusa, kwa maana zilikuwa ndani ya kabati la ofisini kwako, na ufunguo ulikuwa nao wewe peke yako. Kisha akachovya mkate kwenye chai, akaendelea kula. Sijui kama alisikia alichokisema. Mimi nilikisikia.

Nakuuliza mara moja tu, na nakuuliza kwa heshima zote ninazokudai na unazonidai. Mbegu zile zilifikaje mlimani?

Mpwa wako


Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu,

Nimeanza barua hii zaidi ya mara kumi. Mwenzako amekwisha kuja na ngazi yake, nimempa chai, nikamwonyesha njia. Kijana mpole. Nilipomwona anapanda mti bila kuniuliza neno, nikajua kwamba hukumwambia. Umenistahi kuliko nilivyostahili.

Zilifika kwa mkono wangu.

Mwaka ule niliuacha mkebe wa mbegu za nguzo dirishani, wazi, baada ya kuzianika. Nikaenda zangu kwenye shughuli za watu. Mvua ikapiga siku tatu. Niliporudi mbegu zilikuwa zimeshikana kwa ukungu, hazifai hata kutupia kuku. Miezi miwili mbele wakaguzi walikuwa wanakuja kutazama miche elfu nne, na mezani kwangu kulikuwa na barua ya kunipandisha kuwa mkubwa wa misitu yote ya upande huu, ikisubiri ukaguzi huo. Kuagiza mbegu nyingine kungechukua muda, na kungetaka maelezo.

Nikafungua kabati. Nikaitoa ile bahasha ya majaribio, ambayo barua yake ilisema mbegu zisioteshwe mpaka kwa amri, nikaimimina ndani ya mkebe wa nguzo. Nikamwambia shemeji achote. Nilijiambia mkaratusi ni mkaratusi. Ndiyo maneno niliyokuandikia na wewe mwezi wa pili, nikijifanya mcheshi.

Mbegu mpya za nguzo zilipofika nikaujaza mkebe tena. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye, miti ilipopinda na watu wa bondeni wakalalamikia maji, kikao kilipoufungua mkebe kilikuta mbegu halali. Ikabaki kwamba aliyechota ndiye aliyekosea. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wakubwa, nina cheo changu kipya. Nikasubiri shemeji abishe. Angebisha, nakuapia, ningesimama. Hakubisha. Alisema huenda alikosea mkebe, akaomba radhi, akaniangalia mimi akaniomba radhi na mimi. Na mimi nikaipokea.

Nilijiambia nitasema wiki inayofuata. Kisha nikajiambia nitasema akishapata kazi nyingine. Kisha alipata ile ya ghala, nikajiambia sasa ameridhika, nitakuwa namtonesha tu. Ndivyo nilivyoishi. Siku dada yangu aliponishika mkono hospitalini nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, wewe ukaingia na maji. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru ulipoingia. Dada yangu amekufa akijua mumewe ndiye aliyekausha kijito.

Vitunda vya kwanza niliviokota uani, kama ulivyobaini. Nilitaka upate la nguzo ufurahi na mambo yaishe. Nilidhani namsaidia shemeji. Nilikuwa najisaidia mwenyewe, kama kawaida yangu.

Nimemwandikia mkubwa wa misitu aliyepo sasa, nimeeleza yote, nakala nimeiweka humu. Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya watu wa bonde, walipokutana kugawana zamu za maji, nikawaeleza vilevile. Walinisikiliza. Mwanamke mmoja aliuliza tu, "Na yule bwana mliyemfukuza yuko wapi?" Nikamwambia yuko huko kwako, mwanangu.

Naomba umsomee shemeji barua hii yote, usiruke neno. Na naomba umwulize kama naweza kuja. Nitapanda basi. Nataka nimwombe radhi ana kwa ana, mbele yako, ikibidi kwa kupiga magoti. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Aliyekuwa mjomba wako, kama bado ni mjomba wako


Tarehe 30 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Wewe ni mjomba wangu, hilo halina kikao.

Barua nilimpa baba aisome mwenyewe. Nilitaka kumsomea kama ulivyoomba, nikashindwa baada ya mistari michache. Aliivalia miwani, akaisoma polepole, akairudia tangu mwanzo. Kisha akaikunja, akauliza kama maji ya kuoga yamechemka. Nikasema bado. Akasema basi atasubiri.

Siku ya tatu alinikuta jikoni. Alisema, "Kumbe ningeweza kuendelea kuotesha." Akaitazama mikono yake, huku na huku. Alisema miaka yote ile ya ghala, kila akipita kwenye bustani ya watu, alikuwa anatia mikono mifukoni. Nikamshika, akaniacha nimshike, ambacho si kawaida yake.

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika.

Anasema siku ile alipochota mbegu aliona zina umanjano uliozidi. Mbegu za nguzo alizijua, zina rangi ya udongo. Akachukua kiasi kwenye kiganja, akaja nazo mpaka mezani kwako, akakuuliza, "Shemeji, hizi ndizo kweli?" Anasema ulizitazama. Ulizigeuza kwa ncha ya kalamu. Ukamwambia, "Ndizo, nenda kasie." Akaenda akasia, moyo wake mweupe.

Nilimwuliza kwa nini kwenye kikao hakulitaja hilo. Mjomba, amekaa kimya miaka ishirini na miwili akiamini kwamba alikuletea kiganja cha mbegu mbaya na kukupotosha na wewe. Alifikiri akisema kwamba ulizitazama, watakuuliza bwana miti gani asiyezijua mbegu, na utapoteza kile cheo. Mama alikuwa nyumbani na wewe ulikuwa kaka yake. Alinyamaza ili usiingizwe. Ile radhi aliyokuomba ilikuwa ya hilo.

Sijui kama ulisahau kuliandika, au ndilo pekee ulilobakiza. Sikuulizi. Barua yako ni ndefu na ni ya kweli, na imekugharimu, naona. Lakini baba alipoirudia mara ya pili alikuwa anatafuta mstari huo. Nilimwona kidole chake kinavyopita.

Mkubwa wa misitu amejibu. Watamwandikia baba barua rasmi ya kufuta kosa lake. Mikaratusi ya bondeni itakatwa kidogo kidogo kuanzia karibu na chanzo, na visiki vitang'olewa. Kwenye orodha nimeandika mkaratusi wa mto, na alama ya kuuliza nimeifuta kwa mkono wangu. Nilidhani siku hiyo nitafurahi.

Kuhusu kuja kwako, nilimwuliza jana jioni. Magari yalikuwa yanapita chini na hakuyasemesha. Mwishowe akanipa maneno ya kukuandikia, akataka nimsomee nilivyoyaandika, nikamsomea, akasema ndivyo.

"Mwambie shemeji nimemsamehe. Halafu mwambie asije."

Mpwa wako